Ukitaka Uzuri Sharti Udhurike? Si kwa Kichwa cha Mtoto



 

Safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, la kina mama peke yao, lisilofaa kupewa nafasi ya kuandikwa. Jambo lenyewe ni nywele za binti zetu, na jinsi tunavyozisuka katika joto hili la unyevu. Baba anayesoma hapa asikunje ukurasa. Nalo linamhusu, kama atakavyoona mbele.

Kilichotusukuma ni hiki. Tulikuwa katika darsa ya kina mama hapa Buyenzi, Bujumbura, Jumamosi moja ya majira ya mvua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali, na chumba kikawa kama chungu kilichofunikwa. Wanaume hawakuwepo na mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo tukawaambia mabinti wavue ushungi wapate hewa. Wote wakavua isipokuwa mmoja, binti wa miaka 11. Tulipomuuliza kwa nini, akainamisha kichwa. Mama yake akamvua mwenyewe, na hapo tukaona. Pande zote mbili za paji la uso, kwenye panja, nywele zilikuwa zimeondoka. Ngozi ilikuwa laini inang'aa, na pembeni yake vipele vidogo. Katikati ya kichwa mistari ilikuwa imekazwa mpaka nyusi zilionekana zimevutwa juu.

Mama akasema: "Ni ushungi huu unaommaliza. Tangu alipoanza kujifunika nywele zinakatika." Bibi yake, aliyekuwa ameketi karibu, akasema: "Na sisi tulisukwa hivyo hivyo tukalia. Ukitaka uzuri sharti udhurike." Binti hakusema neno. Alikuwa anasubiri turuhusu ajifunike tena.

Sisi tulitoka pale tukiwa na maswali mawili. Je, ni kweli ushungi ndio unaokata nywele? Na je, ile methali ya wazee inafaa kutumiwa juu ya kichwa cha mtoto? Tumekaa na wasusi wawili wa mtaani, tukamuuliza dada yetu muuguzi, tukasoma na kulinganisha. Rai yetu tunaiweka mbele yenu.

NYWELE ZETU NA HEWA YETU

Kwanza tujue tunachokisuka. Nywele zetu Waafrika zimejikunja tangu zinapotoka kichwani. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, lakini mafuta hayo hayawezi kuteremka kwenye unywele uliopindapinda kama yanavyoteremka kwenye unywele ulionyooka. Ndiyo maana kichwa kinaweza kuwa na mafuta huku ncha za nywele zimekauka. Isitoshe, kila mahali unywele unapopinda ndipo unapokatikia kwa urahisi. Nywele zinazoonekana nene na ngumu kwa kweli ni nyororo na zinataka upole. Huo si upungufu. Ndivyo alivyotuumba Allah, na kila umbo lina matunzo yake.

Sasa ongeza hewa yetu. Bujumbura imekaa bondeni kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Gitega iko karibu maradufu ya hapo na baridi yake tunaijua. Ndugu zetu wa Uvira ng'ambo ya ziwa, wa Kigoma, na wa mwambao wa bahari kule Dar es Salaam na Mombasa, wanaijua hali hii. Unywele hunywa unyevu ulio hewani. Ukinywa hufura na kurudi kwenye umbo lake la kujikunja, hata kama jana ulinyooshwa kwa pasi ya moto. Unywele unajikunja, unashikana na mwenzake, yanapatikana mafundo. Mama anakuta asubuhi kichwa kimekuwa kichaka, anachukua kitana, anavuta, mtoto analia, nywele zinakatika.

Hapo ndipo kusuka kunapokuwa na faida. Msuko mzuri unazikusanya nywele zisipigwe na hewa, zisichanwe kila siku, zisisuguane na nguo. Unazilinda. Wazee wetu walijua hivyo kabla ya duka lolote la vipodozi kufunguliwa mtaani. Kwa hiyo hatuandiki hapa kupinga kusuka, tunataka msuko urudie kazi yake ya kulinda.

JE, USHUNGI NDIO UNAOKATA NYWELE?

Jibu letu ni hapana, lakini namna tunavyouvaa inaweza kuchangia. Tuseme ukweli wote.

Kitu cha kwanza ni maji. Wengi wetu tunatawadha, tunamwagia kichwa maji mpaka mizizi inaloa, kisha tunafunga ushungi juu ya nywele mbichi na kutoka. Fanya hivyo mara tano kwa siku katika hewa ambayo yenyewe ina unyevu, nywele hazikauki kuanzia Alfajiri mpaka Isha. Nywele mbichi ni dhaifu kuliko zilizokauka. Kichwa kilichofunikwa kikiwa na maji na jasho huanza kuwasha, mba huongezeka, na harufu hujitokeza. Kisha tunalaumu kitambaa!

Na hali sheria haikututaka hivyo. Katika udhu, kichwa hupakwa maji kwa mikono iliyolowa, hakioshwi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa ukanda wetu, kupaka sehemu ya kichwa kunatosheleza na kupaka chote ni sunna. Mtoto aliyefundishwa kupaka vizuri hamalizi siku na kichwa kibichi. Tuwafundishe tangu wanapoanza kuswali.

Kitu cha pili ni kitambaa cha ndani. Pamba ngumu hunyonya mafuta machache yaliyomo kwenye nywele na kuzikwaruza mtoto anapogeuza shingo. Kitambaa laini cha hariri au satini, hata kipande kilichokatwa kutoka gauni la zamani, kikivaliwa ndani ya ushungi hupunguza msuguano. Usiku nako mtoto alale na kitambaa hicho hicho, sharti kisibane.

Kitu cha tatu ni fundo. Dada zetu wanafunzi wanapenda kukusanya nywele zote nyuma na kuzifunga kwa mpira ili ushungi ukae vizuri, kila siku mahali pale pale. Mpira ule unakata. Badilisha mahali pa kufunga, tumia kitambaa badala ya mpira, na ukifika chumbani kwenu penye wanawake watupu, fungua kichwa kipate hewa.

Ukiyafanya hayo, ushungi unageuka kuwa kinga. Unazuia jua, vumbi na upepo. Yule binti wa miaka 11 hakupoteza nywele mahali ushungi ulipogusa. Alizipoteza mahali msuko ulipovuta. Ushungi wake uligusa kichwa chote, lakini upara ulikuwa kwenye panja, pale msusi anapoanzia mstari na kukaza.

KUKAZA NDIKO KUNAKONG'OA

Madaktari wa ngozi wana jina la ugonjwa huu wa nywele kung'oka kwa kuvutwa, na wameujua zamani. Uliandikwa mwaka 1907 kuhusu watu wa Greenland, kule kwenye barafu, ambao wanawake wao walikuwa wakifunga nywele juu kwa kuzivuta sana. Watu wale hawakuwa Waafrika, nywele zao hazikuwa kama zetu, wala hawakuishi katika joto. Hii inatuonyesha kwamba kosa haliko katika nywele zetu, liko katika kuvuta.

Kwetu Afrika, daktari Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya wanafunzi na vya watu wazima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa wasichana wa shule waliochunguzwa, karibu mmoja kati ya sita alikuwa na alama za ugonjwa huu. Miongoni mwa wanawake wazima, ilikaribia theluthi moja. Ukitazama namba hizo mbili pamoja utaona safari nzima: jambo linaanza utotoni, na linaendelea kukua pamoja naye.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ugonjwa huu una milango miwili. Mwanzoni, ukiacha kuvuta, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina la unywele hufa, kovu hukaa mahali pake, na hapo hakuna mafuta wala dawa ya duka itakayozirudisha. Kwa hiyo mama anayeona alama na kungoja mpaka Idd ijayo, anachezea muda ambao hawezi kuununua tena.

Alama zenyewe ni hizi. Mtoto analalamika kichwa kinauma usiku wa kusukwa na hawezi kulala ubavu. Ngozi kwenye mizizi imeinuka kama hema. Vipele vidogo vimetokea kwenye kingo za nywele, wakati mwingine vina usaha. Vinywele vifupi vilivyokatika vimebaki pembeni ya uso, na nyuma yake pana uwazi. Ukiona moja ya hizo, fungua msuko siku hiyo hiyo, hata kama ulilipa jana.

Tena tusichanganye na mapunye. Mapunye ni ugonjwa wa kuvu, huja kwa mabaka ya mviringo yenye magamba, na huambukiza kwa vitana na kofia. Huo haufunikwi kwa msuko wala hautibiwi kwa kupaka tu, kwa sababu kuvu wamo ndani ya shina la unywele. Unahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga wa zahanati. Kila mtoto awe na kitana chake.

MSUKO UNAOLINDA UKOJE?

Tumekubaliana na wasusi wetu mambo machache, tunayaandika ili familia iyapime.

Kwanza, mtoto asukwe kwa nywele zake mwenyewe. Mistari minene kidogo, au misuko michache mikubwa ya kuning'inia, au mabutu yaliyolegezwa. Mistari midogo midogo kama nyuzi inapendeza, lakini kila mstari mdogo unabebwa na nywele chache, na zikivutwa chache ndizo zinazong'oka. Nywele za kingo na za panja ziachwe nje ya mkazo. Msusi aanzie ndani kidogo.

Pili, kusuka kwa uzi kurudi. Ule uzi mweusi wa pamba ambao bibi zetu waliuzungushia nywele fungu kwa fungu, unazinyoosha bila moto na bila dawa, na katika hewa ya unyevu unazishikilia zisijikunje na kufanya mafundo. Uzi ni mwepesi, hauna gharama, na unafunguka upesi. Sharti ni lile lile, usikazwe mizizini.

Tatu, nywele zioshwe kabla ya kusukwa na zikauke kabisa. Kusuka nywele mbichi ni kosa la siri. Nywele zilizolowa hurefuka, zikikauka hurudi, na msuko uliokuwa sawa jioni unakuwa umebana asubuhi. Katika majira ya mvua nywele hukawia kukauka, kwa hiyo osha asubuhi, suka alasiri.

Nne, kichwa kilichosukwa kinaoshwa pia. Kwa joto letu tunashauri mara moja kwa wiki, au angalau kila wiki mbili. Changanya sabuni laini ya nywele na maji kwenye chupa, mwagia kati ya mistari, sugua kwa ncha za vidole na si kwa kucha, suuza vizuri, kisha kaa kivulini bila ushungi mpaka pakauke. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi juu ya chumvi ndiyo inayowasha.

Tano, mafuta yapakwe kwenye nywele, yasijazwe kwenye ngozi. Mafuta hayaleti maji, kazi yake ni kuyafungia yaliyomo. Ukipaka mafuta mazito kwenye ngozi inayotoka jasho, unatengeneza tope. Mafuta ya nazi yanayotufikia kutoka mwambao ni mazuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, ukakuta ni ya nazi yanayopunguza upotevu wa protini ya unywele. Kiasi cha kijiko kimoja kinatosha kichwa cha mtoto.

Sita, msuko uwe na mwisho. Rai yetu ni wiki mbili mpaka tatu kwa mtoto, na usivuke mwezi. Ukifungua usiogope nywele zinazotoka. Kichwa chenye afya hudondosha nywele 50 mpaka 100 kila siku, na zinapokuwa zimesukwa nyingi hubaki ndani ya msuko. Baada ya siku 30 ni nywele 1,500 mpaka 3,000 zinazongoja kutoka siku moja. Zikitoka na kijivimbe cheupe mwishoni, hizo zilikuwa za kuondoka. Kisha mpumzishe mtoto siku kadhaa kabla ya kumsuka tena.

DINI INATUFUNDISHA NINI HAPA?

Sisi si watoa fatwa, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Lakini yapo mambo yaliyo wazi.

Kusuka kumo katika maisha ya Mtume (s.a.w.) na watu wake. Bibi Umm Hani (r.a.) amepokea kwamba Mtume alipoingia Makka alikuwa na misuko minne. Bibi Umm Atiyya (r.a.) na wanawake wenzake walipomuosha binti wa Mtume aliyefariki, walizichana nywele zake, wakazisuka misuko mitatu na kuilaza nyuma yake. Hata katika safari ya mwisho nywele hazikupuuzwa! Na katika mapokezi ya Abu Huraira (r.a.) yaliyomo kwa Abu Daud, Mtume alielekeza kwamba mwenye nywele azitunze kwa heshima.

Bibi Umm Salama (r.a.) alimueleza Mtume kwamba yeye husuka nywele zake na kuzikaza, akauliza kama afungue anapokoga janaba. Akajibiwa kwamba si lazima, yatosha kumwagia kichwa maji mara tatu. Basi mama asiogope kumsuka binti mkubwa kwa kudhani atakosa kukoga ipasavyo. Cha lazima ni maji kufika, na msuko uliolegea hupitisha maji kuliko uliokazwa. Kuhusu kufungua katika josho la hedhi wanachuoni wana maelezo yao, na mama amuulize anayejua kabla binti hajafikia umri huo.

Ama kuunganisha nywele za mtu mwingine, makatazo yake ni mazito. Mama mmoja alimuuliza Mtume kuhusu binti yake aliyepukutika nywele kwa maradhi, akitaka kumuunganishia, wala hakuruhusiwa. Katika nyuzi zisizofanana na nywele wako wanachuoni walioruhusu, na katika nywele za plastiki wanatofautiana. Tunachoongeza sisi ni hiki: weka dalili pembeni kwa dakika moja, upime uzito tu. Rasta ndefu za plastiki zilizoshonwa kwenye nywele laini za mtoto wa miaka saba, zikiloa jasho na mvua, ni mzigo. Kichwa kile hakikuumbwa kubeba kamba.

SASA ILE METHALI

"Ukitaka uzuri sharti udhurike." Wazee wetu tunawaheshimu, na methali hii ina mahali pake. Mwanafunzi anayekesha na kitabu, fundi anayejifunza kazi kwa jasho, hao inawafaa. Lakini itazameni vizuri. Inasema "ukitaka". Anayetaka ndiye anayedhurika. Mtoto wa miaka mitano aliyebanwa kati ya magoti ya mtu hakutaka kitu. Sisi ndio tuliotaka, yeye ndiye anayedhurika. Na msingi unaojulikana katika dini yetu ni kwamba hakuna kujidhuru wala kumdhuru mwingine.

Liko jambo jingine linalotusumbua zaidi kuliko nywele. Mtoto anaposema "mama, inauma" na kujibiwa "nyamaza, utapendeza", anajifunza kwamba maumivu ya mwili wake hayana uzito mbele ya macho ya watu. Tunamfundisha hivyo tukiwa tunampenda, juu ya mkeka wetu wenyewe. Kesho akiumizwa na mwingine, tutashangaa kwa nini hakusema?

Tunajua yatakayosemwa. Mama atasema: "Msuko uliolegea haukai, na mimi sina muda wala pesa ya kusuka kila wiki." Tunaelewa. Mama anayefungua kibanda alfajiri na kurudi usiku hana saa tatu za kusuka. Lakini misuko sita mikubwa ya nywele zake mwenyewe inasukwa kwa nusu saa, na dada mkubwa anaweza. Tena hesabu ya pesa igeuzwe: unalipia mistari midogo ikae miezi miwili, kisha unalipia mafuta ya kuotesha nywele ambayo hayaoteshi.

Msusi naye atasema: "Nikilegeza, mteja atasema sijui kazi." Hilo ni kweli na lawama ni yetu. Sisi ndio tunaosifu msuko kwa kukaa muda mrefu. Basi tumwambie wazi kabla hajaanza: "Dada, mtoto huyu msuke kwa kulegeza, ukifunguka mapema sitakulaumu." Tumlipe sawa sawa, na tumsifu mbele ya wengine. Msusi anapata riziki yake ya halali, si adui wa mtu.

Kuna pia shinikizo la Idd. Miaka hii Idd ul-Fitr imekuwa ikiangukia masika, Aprili mwaka 2024 na mwisho wa Machi mwaka 2025, wakati wa mvua nyingi na unyevu. Usiku wa kuamkia Idd wasusi wanapanga foleni ya watoto mpaka saa saba, wote wamechoka, mikono inakwenda kwa haraka. Asubuhi watoto wanaswali wakiwa na macho mekundu. Kwa nini tusisuke siku tatu nne kabla? Msuko uliokwisha tulia unapendeza zaidi, na mtoto anaifurahia siku yake.

Kina baba, tuliwaahidi fungu lenu. Nyinyi mnatoa pesa ya kusuka, na neno lenu nyumbani lina uzito. Binti akija kukuonyesha kichwa chake, usiishie kusema "umependeza". Muulize: "Hainiumi wewe?" Ukimuuliza mara moja tu, atajua nyumbani kwake kuna mtu wa kumwambia. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akimchana Mtume (s.a.w.) nywele hata alipokuwa itikafu, naye akimsogezea kichwa. Kuchanana kulikuwa jambo la mapenzi katika nyumba ile, likawe hivyo katika nyumba zetu.

Nanyi dada zetu wanafunzi mnaoishi bweni, mnaosukana wenyewe usiku, hukumu iko mikononi mwenu. Msishindane nani msuko wake umebana zaidi. Anayesema "legeza" asichekwe.

Tumalizie kwa yule binti. Mama yake alifungua mistari siku ile ile. Kwa miezi sita hakusukwa kwa kukazwa, mabutu manne tu, ushungi wa ndani wa satini, na kichwa kikavu. Upande wa kushoto vinywele vimeanza kurudi, vyembamba kama manyoya ya kifaranga. Upande wa kulia bado ni laini, na dada yetu muuguzi amesema tusubiri, wala hakuahidi kitu. Bibi yake ndiye anayemsuka sasa. Jumamosi iliyopita tulimsikia akimuuliza mjukuu, mkono ukiwa juu ya fungu la nywele: "Hapa je, inauma?" Binti akasema, "Kidogo, bibi." Na bibi akalegeza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie upole katika mikono yetu, awahifadhi watoto wetu, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Aliye na rai nyingine, au msuko unaofaa joto letu ambao hatukuutaja, atueleze tufaidike sote.